Binti wa gauni jeupe na kioo kilichopasuka: wajuzi wa picha njooni tumsome

#1 Mbeba Boksi (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Huku New York baridi ikikaza mtu unatafuta pa kujibanza penye joto bila kulazimika kununua kahawa. Kimbilio langu ni jumba la makumbusho la Metropolitan. Ukiwa mkazi wa jimbo la New York unalipa unachoweza, hata dola moja wanapokea na hakuna anayekukunjia uso. Kwa hiyo Ijumaa nikitoka kubeba boksi naingia, nazunguka, miguu ikichoka nakaa.

Sasa humo ndani kuna picha moja imenikamata. Wiki ya nne hii naenda kuiangalia hiyo tu, kama mtu aliyeanza uchumba.

Ni ya rangi za mafuta kwenye turubai, urefu sentimita 161 na upana kama 129. Maana yake binti aliyechorwa anakaribia ukubwa wa mtu halisi, na mkikutana macho unahisi umeingia chumbani kwa watu bila kupiga hodi. Chumba chenyewe kitupu, kuta za giza. Nyuma ya binti kuna dirisha kubwa na mwanga wote unatokea huko. Ameketi, gauni jeupe jepesi, nywele za dhahabu zimefungwa juu na misokoto midogo imeachwa ielee kuzunguka uso. Mapajani ameegemeza jalada kubwa la kuchorea, kalamu mkononi. Anachora. Lakini haangalii karatasi, anakuangalia wewe.

Halafu vitu viwili vinanisumbua. Kioo cha dirisha kimepasuka. Na nje, ng'ambo, juu ya ukuta wa baraza, wamesimama watu wawili, mwanamume na mwanamke, wadogo kama punje za mchele. Yeye amewapa mgongo.

Kibao chake kinasema ni Marie Joséphine Charlotte du Val d'Ognes, mwaka 1801, na mchoraji ni Marie-Denise Villers. Naomba mnisaidie: huyu binti ana nini? Kila nikimwangalia napata jibu jingine. Wiki iliyopita nilimwona mwenye huzuni. Juzi nikamwona kama fundi anayepima kitu kabla hajakata.

#2 Kashata

Nimekaa hapa na karanga zangu, endeleeni.

#3 Mzalendo Halisi

Yaani mtu uko Marekani, badala ya kutuletea michongo unatuletea binti wa Kizungu wa mwaka 1801. Kioo kimepasuka basi aite fundi vioo. Uzi ufungwe.

#4 Shangazi wa Kuze

Mzalendo, kama huna la kusema si lazima useme, mwanangu. Nenda kule kwenye nyuzi za mpira.

Mleta uzi, mimi nimeitafuta hiyo picha kwenye simu nikaikuza kwa vidole. Wallahi ni nzuri. Lakini huyo si mtu mwenye huzuni. Huyo ni msichana aliyeambiwa "tulia hapo usisogee" na yeye ana kazi yake anataka kuimaliza. Nina wapwa watatu, naujua huo uso.

#5 Mwalimu Chaki

Asante kwa mada. Nilifundisha sanaa miaka kadhaa kabla somo halijakosa walimu na wanafunzi kwa pamoja, kwa hiyo niruhusuni niweke msingi kidogo.

Mwaka 1801 Paris ilikuwa na shule moja ya uchoraji, yaani mtindo, iliyotawala, nayo ni Urasimi Mpya, na mfalme wake mchoraji Jacques-Louis David. Hawa walirudi kwa Wagiriki na Warumi, hasa baada ya miji ya Herculaneum na Pompeii kuanza kufukuliwa, 1738 na 1748. Walitaka mstari safi, rangi zilizotulia, mandhari-nyuma isiyo na kelele, mwili uliokaa kama sanamu ya marumaru. Mfano mzuri ni picha ya Madame Récamier ambayo David aliianza 1800 na hakuimaliza, iko Louvre, jumba kubwa la makumbusho la Paris. Mwanamke kijana, gauni jeupe, miguu peku, amejilaza kwenye kochi la Kirumi, nyuma hakuna kitu. Yeye na umbo lake, basi.

Kwa upande mwingine Ulimbwende ulikuwa unabisha hodi. (Wale wa malkia wa ulimbwende na mashindano ya warembo, tulieni. Hapa nasema ule wa kwenye vitabu vya fasihi.) Ulimbwende unataka hisia za mtu mmoja, upweke, usiku, ukungu, dirisha, mtu anayetazama mbali au anayekutazama wewe kwa namna usiyoweza kuieleza.

Binti wa mleta uzi anakaa katikati. Mkate pembeni kwa mkasi, umbo lake lote ni la Kigiriki: mstari wa mgongo, shingo, mkunjo wa gauni. Hiyo ni shule ya David. Lakini David asingemweka mtu wake gizani na kuweka mwanga nyuma. Na kile kioo kilichopasuka hakina nafasi kwenye Urasimi, kwa sababu Mrasimi angekitengeneza kabla hajaanza kuchora.

#6 Mzee wa Studio

Shikamooni wakubwa, na marahaba kwa wadogo. Mimi wa sanaa za Wagiriki simo. Nina studio ya picha Mwanza, nimeanza enzi za filamu na kuogesha picha gizani mwenyewe, kwa hiyo nitasema la taa tu.

Kanuni ya kwanza aliyonifundisha bosi wangu: mteja asikae na dirisha mgongoni, atatoka mweusi kama sufuria ya kuni. Sasa tazameni huyu. Dirisha liko mgongoni, na uso haujapotea. Uko kwenye kivuli, ndiyo, lakini unauona wote, macho, midomo, mpaka ile nyama laini chini ya kidevu. Mwanga huo umetoka wapi?

Angalia mapajani. Karatasi nyeupe. Mwanga umeingia dirishani, umepita bega, umepiga karatasi, umeruka juu usoni. Gauni nalo jeupe, linasaidia. Sisi kazi hiyo tuliifanya kwa shuka nyeupe, au ubao uliobandikwa karatasi, msaidizi ameushika chini huku amechuchumaa na mteja anamcheka. Ndiyo maana huyu binti amewaka kutokea chini, kinyume cha watu wote. Na misokoto ya nywele imeshika uzi wa mwanga pembeni. Hiyo kuipata kwa kamera ni jasho, kwa brashi sijui niseme nini.

Aliyechora hii hakubahatisha. Amekaa mbele ya mtu hai, dirisha likiwa pale pale, akaangalia siku nyingi.

#7 Kashata

Mzee pewa maua yako. Nimerudi kuiangalia na kweli uso unawaka kutoka kwenye karatasi. Kumbe kazi yake mwenyewe ndiyo inayommulika!

#8 Mzee wa Studio

Hilo la ushairi semeni ninyi. Mimi nimesema karatasi.

#9 Mbeba Boksi

Mzee wa Studio, nimeisoma hiyo nikiwa kwenye treni nikapitiliza kituo. Wiki nne naangalia na sikuiona.

Sasa niwamwagie kisa cha picha yenyewe, maana nimekuwa nikichimba na ni kirefu kuliko nilivyodhani.

Picha hii iliingia Metropolitan mwaka 1917, ikitoka kwenye mirathi ya tajiri aliyeitwa Isaac Fletcher. Yeye aliinunua kwa dola 200,000, hela za wakati ule, kwa sababu aliambiwa imechorwa na David mwenyewe. Kwenye ukoo wa huyo binti ndivyo ilivyoaminika. Ikatundikwa kama David, watu wakaja kuiona kama David, wakaisifu kama David.

Mwaka 1951 Charles Sterling, mtaalamu wa makumbusho hiyo hiyo, akatoa makala akasema jamani, si David. Ushahidi wake mtamu sana. Salon, yale maonyesho makubwa ya Paris, ya mwaka 1801 yalichorwa na mtu anaitwa Monsaldy, akaonyesha picha zilivyopangwa ukutani moja juu ya nyingine. Na binti wetu yumo ukutani. Sasa David mwaka ule aligoma kupeleka kazi kwenye Salon. Kwa hiyo hesabu haikubali.

Sterling akapendekeza jina la Constance Charpentier, mchoraji mwanamke wa wakati huo. Miaka ikapita. Mwaka 1996 mtafiti Margaret Oppenheimer akaleta hoja kwamba si Charpentier, ni Villers, na hilo ndilo liko kwenye kibao leo. Picha moja, majina matatu.

Lakini kilichonichoma ni alichokiandika Sterling baada ya kumwondoa David. Akasema ushairi wa picha ni wa kifasihi kuliko wa kimchoro, kwamba udhaifu wake umefichwa kwa ustadi, na kwamba yote kwa pamoja yanaonyesha roho ya kike. Mimi najiuliza: huo udhaifu miaka 34 ilipokuwa ya David ulikuwa umelala wapi?

#10 Fundi Chereko

Hahaha, hii ipo hata kwenye nguo. Nilishona suti nikamwambia mteja imetoka Uturuki, akasema mshono umekaa. Nikamwambia nimeshona mimi, akaanza kuona bega linapanda.

Ila mniruhusu kwenye gauni maana ndiyo fani yangu. Kiuno kimepanda kikakaa chini ya matiti, mikono mifupi, chini linashuka lenyewe bila vyuma wala mito ndani. Kabla ya hapo wanawake wa huko walivaa vizimba: mifupa ya nyangumi kifuani, sketi imetanuka kama mwavuli. Nguo ya namna hii ilianza kama nguo ya ndani. Mwaka 1783 Élisabeth Vigée Le Brun alimchora malkia Marie Antoinette kwenye gauni jeupe la aina hiyo akaipeleka Salon, watu wakaja juu kwamba malkia ameonyeshwa na nguo ya kulalia, picha ikaondolewa. Kifaransa nguo hiyo wanaiita *chemise*. Sasa akina mama zetu wanaovaa shimizi ndani ya gauni mjue mko na malkia.

Miaka kumi na kitu baadaye, Mapinduzi ya Ufaransa yamepita, malkia mwenyewe kakatwa kichwa, na shimizi imekuwa ndiyo gauni la kutokea. Huyo binti kavaa kilichokuwa kashfa alipokuwa hajazaliwa.

#11 Shangazi wa Kuze

Na kitambaa ni melimeli hicho! Kile chepesi ukikishika kama umeshika hewa. Bora yake ilitoka Bengali, upande wa Dhaka, ikipanda majahazi na meli mpaka kwetu na mpaka kwao. Bibi yangu alikuwa na kanzu moja ya melimeli, imewekwa sandukuni na udi, haivaliwi ila harusi ya mtoto wa tumboni. Nilipoiona ile mikunjo kwenye bega la huyo msichana nilinusa udi, hamtaamini.

Haya, hebu Mbeba Boksi utujibu: huyo Marie-Denise alikuwa nani? Mnataja akina David tu.

#12 Mbeba Boksi

Haki yako shangazi.

Alizaliwa Paris 1774, jina la kwao Lemoine. Dada zake wawili, Marie-Victoire na Marie-Élisabeth, nao walikuwa wachoraji, na binamu yao Jeanne-Élisabeth Chaudet vilevile. Nyumba ya brashi. Mwaka 1794 akaolewa na bwana Villers aliyekuwa anasomea usanifu majengo. Alifundishwa na Girodet, ambaye naye ni mwanafunzi wa David, na akapeleka kazi Salon miaka ya 1799, 1801 na 1802. Alifariki 1821. Kazi zinazojulikana kwa hakika kuwa zake ni za kuhesabu kwa vidole. Louvre wanayo moja ya 1802, mwanamke anafunga kamba za kiatu chake.

#13 Mwalimu Chaki

Hapo kwa Girodet ndipo jibu la swali langu la mwanga. Mwaka 1791 Girodet alichora Endymion amelala, kijana wa Kigiriki anayependwa na mwezi. Badala ya kumchora mungu wa mwezi kama mwanamke, akamchora kama mwale wa mbalamwezi unaopenya kwenye majani na kumwangukia kijana kifuani. Mwili wa Kirasimi kabisa, mwanga wa Kilimbwende kabisa. Mwanafunzi wa mtu kama huyo hawezi kuogopa kuweka dirisha nyuma ya mtu. Kwa hiyo ukiwa na jicho, hata bila kibao, ungeweza kusema: hii haitoki mkononi mwa David, inatoka nyumba ya jirani.

Na jambo la pili. Kabla ya Mapinduzi, Akademia ya kifalme, yaani chama cha wachoraji waliotambuliwa na mfalme, ilikuwa na ukomo wa wanawake wanne. Wanne tu. Mwaka 1791 Salon ikafunguliwa kwa kila mchoraji, wanawake wakamiminika. Mlango wa maonyesho ukafunguka lakini mlango wa shule ukabaki umefungwa: chuo kikuu cha sanaa cha Paris kiliwapokea wanawake 1897. Karibu miaka mia baada ya picha hii. Walijifunza kwenye karakana za walimu binafsi, mabinti peke yao.

#14 Bagamoyo Moja

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Naomba niweke picha nyingine kando ya hii, kwa sababu zilipishana mwaka mmoja, mji uleule, Salon ileile.

Mwaka 1800 mchoraji Marie-Guillemine Benoist, mwanafunzi wa David, alipeleka Salon picha ya mwanamke mweusi. Naye amekaa, naye kavaa kitambaa cheupe, kichwani kilemba cheupe, titi moja liko wazi, nyuma hakuna kitu, na naye anakutazama moja kwa moja. Ni nzuri vibaya mno. Kwenye orodha ya Salon hakuandikwa jina, aliandikwa kwa rangi yake tu. Serikali ya Ufaransa ikainunua 1818 na iko Louvre mpaka leo.

Miaka zaidi ya mia mbili watu wanaisifu ngozi ilivyochorwa, wanasifu kitambaa, na hakuna jina. Ilikuja kuwa 2019, wakati wa maonyesho ya jumba la makumbusho la Orsay, Paris, kuhusu watu weusi waliotumika kama vielelezo vya wachoraji, ndipo ikatundikwa kwa jina Picha ya Madeleine. Alikuwa ametokea Guadeloupe, koloni la Ufaransa kule Karibi, alikuwa mtumwa, akaletwa Ufaransa na familia ya shemeji wa mchoraji. Utumwa Ufaransa iliufuta kwenye makoloni 1794, mtawala wake Napoléon akaurudisha 1802. Madeleine alikaa kwenye kile kiti katikati ya tarehe hizo mbili.

Binti wa mleta uzi ana majina matatu ya kwanza na la ukoo, wakamkosea mchoraji. Madeleine mchoraji wake alijulikana siku zote.

#15 Mzalendo Halisi

Sasa hii ndiyo ungeanzisha nayo uzi.

#16 Mbeba Boksi

Bagamoyo Moja aanzishe, mimi nitakuja kukaa mbele. Sikuwa naijua hiyo habari ya jina.

#17 Shangazi wa Kuze

Mmenitia simanzi. Lakini turudi kwa kioo, maana hakuna aliyejibu kuhusu kioo na mimi nina la kusema, na watoto wasisome.

Kuna Mfaransa mwingine, Greuze, kachora msichana kavaa nyeupe, kifua kimelegea, mkononi mtungi umevunjika. 1771 hiyo. Kila mtu wakati ule alijua mtungi ni nini. Sisi wenyewe msichana akibaleghe twasema amevunja ungo, hatusemi zaidi ya hapo na kila mtu kaelewa. Sasa hapa msichana, gauni jeupe, kioo kimepasuka, na nje yuko mume na mke wanapunga upepo. Huyu anachungulia maisha ya ndoa kupitia ufa. Ana umri gani?

#18 Mbeba Boksi

Amezaliwa 1786. Picha ya 1801. Kama miaka 15.

#19 Kashata

Kumbe mtoto! Mimi nilishaanza kumpenda, naomba radhi.

#20 Mwalimu Chaki

Shangazi, hoja ya ungo nimeipenda na nitaiiba. Lakini naipinga kidogo. Msichana wa Greuze anaangalia kama aliyefumaniwa, mikono inakusanya nguo, mwili wote unaomba msamaha. Mchoraji wa kiume anamwangalia, na wewe mtazamaji unamwangalia naye. Binti wa Villers hakushika nguo, kashika kalamu. Mgongo kauinamisha kwa sababu ya kazi. Na wale wawili wa nje kawapa kisogo. Kama kile kioo ni ishara ya ndoa, basi ishara iko nyuma yake na yeye hajageuka.

Wengine wamesema kioo ni Ufaransa yenyewe baada ya Mapinduzi, utaratibu wa zamani umepasuka na hewa mpya inaingia. Inawezekana. Ila mimi huwa naogopa kila ufa ukiwa taifa.

#21 Mzee wa Studio

Na mkitaka tafsiri ya fukara ninayo. Kioo kilipasuka na hela ya kukibadilisha haikuwepo.

Msicheke. Chumba hicho kiko wapi? Kama ni nyumba ya matajiri, mbona hakuna pazia, hakuna meza, hakuna picha ukutani, hakuna hata zulia?

#22 Mbeba Boksi

Mzee, umeweka kidole penyewe. Kuna mwanahistoria wa sanaa, Anne Higonnet, alichunguza kile kinachoonekana nje ya dirisha na umbo la chumba, akahitimisha kuwa ni ndani ya Louvre. Si nyumbani kwa huyo binti. Louvre wakati ule ilikuwa kasri kuukuu, wachoraji wameishi na kufanya kazi humo miaka mingi, na Napoléon akawaondoa wote kufikia 1806. Mabinti walipata masomo ya kuchora humo. Kwa maelezo ya Higonnet, tunaona mwanafunzi wa kuchora akichorwa na mchoraji mwanamke, wote wawili kazini.

Kwa hiyo tafsiri ya fukara inaweza kuwa ndiyo ya kweli kuliko zote. Jengo bovu la serikali, kioo kimepasuka na hakuna wa kukiripoti. Nani hajasoma darasa la hivyo?

#23 Fundi Chereko

Darasa letu dirisha lilikuwa na gunia.

#24 Kashata

Ngoja kidogo. Kama wote wawili wanachora, na binti anaangalia mbele, na aliye mbele yake ni Villers… si ina maana anamchora Villers? Yaani ile karatasi tusiyoiona ndani yake yumo mchoraji wa picha hii?

#25 Mwalimu Chaki

Kashata, wewe uliyekuja na karanga.

Ndiyo. Inawezekana sana. Na kuna walioenda mbali zaidi wakasema labda ni Villers amejichora mwenyewe, mbele ya kioo cha kujitazamia, kwa sababu mtu anayejichora huangalia hivyohivyo: anainua macho, anapima, anarudi kwenye karatasi. Jina la du Val d'Ognes na umri wake vinalipunguza nguvu wazo hilo, Villers mwaka 1801 alikuwa na miaka kama 27. Lakini macho ni yale. Mleta uzi mwanzoni ulisema ulimwona kama fundi anayepima kabla hajakata. Ulikuwa umeshajibu.

#26 Mbeba Boksi

Basi ile huzuni niliyoiona wiki ya tatu ilikuwa yangu. Nilikuwa nimetoka kuzungumza na nyumbani.

#27 Shangazi wa Kuze

Pole mwanangu. Picha ndivyo zilivyo, na baridi hiyo.

Mimi bado nashika ungo wangu. Miaka 15 wakati ule ni mtu wa kuposwa. Hata kama chumba ni darasa, mama yake nyumbani anahesabu mahari. Mchoraji hakuwaweka wale wawili pale nje kwa kukosa cha kuchora, nafasi ilikuwa tupu angeweza kuiacha tupu.

#28 Mwalimu Chaki

Hilo la wale wawili sina jibu lake, shangazi. Umenishinda.

#29 Mzee wa Studio

Nimerudi na taarifa. Leo mchana umeme ulikatika, wateja hakuna, nikamwita mjukuu wa jirani, ana miaka 13. Nikamkalisha kwenye stuli, dirisha la uwani mgongoni, nikampa ubao na karatasi nyeupe kubwa mapajani. Bila taa. Picha ya kwanza uso ukapotea, kwa sababu karatasi aliilaza. Nikamwambia ainyanyue kidogo ielekee dirishani. Ya pili macho yakaonekana. Ya tatu, jamani, mpaka tundu la hereni.

Tatizo anaangalia kamera kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Nikamwambia basi nichore mimi, nichore kweli, usinitazame bure. Akanyamaza akaanza kuchora. Hapo ndipo nikaipata. Nitaiweka mama yake akiniruhusu.

#30 Kashata

Na mchoro aliokuchora je?

#31 Mzee wa Studio

Kanifanya mnene. Nimeutundika kaunta.

#32 Mbeba Boksi

Mzee, tunaisubiri kwa hamu. Wakuu, Ijumaa narudi kule. Semeni mnataka niangalie nini kwa karibu, nitasogea mpaka mlinzi akohoe.

#33 Fundi Chereko

Niangalizie pindo la gauni na mshono wa begani. Na viatu. Mtu ambaye mwaka uliofuata alichora mwanamke anafunga kiatu, lazima kwenye miguu alikuwa na jambo lake.